Mirunda ya Mwanaidi

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana simu zilikuwepo, Bi Mgeni muuza mchele alijenga ghorofa. Kazi akampa mkandarasi Kilindo, naye Kilindo akawagawia mafundi watatu: Hemedi mwashi, Mwanaidi seremala, na Chande fundi bomba.

Kilindo akawawekea karatasi. "Nikilipwa, nanyi mtalipwa. Tieni sahihi."

Mwanaidi akashika kalamu. Chande akashika kalamu. Hemedi akatia mikono mfukoni.

"Na usipolipwa, bosi, wanangu wale mchanga? Andika hivi: siku thelathini baada ya zege, tunalipwa sote watatu, uwe umelipwa au hujalipwa."

Kilindo akanuna kutwa nzima. Hemedi naye akakaa kutwa nzima. Jioni ikaandikwa.

Zege la sakafu ya juu likamwagwa. Siku thelathini zikapita bila malipo. Walipomuuliza akasema, "Bi Mgeni hajatoa kitu. Vumilieni." Nyumbani kwao vyungu vilikuwa vitupu, nami nikikumbuka hasira hunipanda.

Zege lilikuwa limekauka, lakini chini yake bado ilisimama mirunda mia mbili, miti ya Mwanaidi ya kulishikilia.

"Toa miti yako, mama," Kilindo akaamuru. "Mwenye nyumba anataka kuweka mchele."

"Miti ni yangu, bosi. Nimeamua ipumzike."

Basi ikapumzika. Gunia halikupita. Bi Mgeni mwenyewe, na mwili wake ule, hakupita.

Chande akauchukua mkataba, akaenda nao sokoni kwa Bi Mgeni.

"Shikamoo, mama. Tunaambiwa hujalipa."

"Marahaba. Nani hajalipa? Kilindo nilimkabidhi zote mwezi uliopita, na sahihi yake hii hapa."

Siku ile Bi Mgeni akamwita Kilindo, akamwonyesha mkataba: alipe, miti itoke. Kilindo akalipa mbele ya soko zima, jasho likimtiririka, hakubakiza hata shilingi. Wanawake wakapiga vigelegele, wapagazi wakawabeba mafundi juujuu. Raha iliyoje!

Bi Mgeni akamfukuza Kilindo. "Nitajenga ghorofa nyingine, na kazi nampa mmoja wenu, awe mkandarasi. Mmoja tu. Sitaki mabosi watatu."

Hemedi akasema, "Bila mstari wangu, mngedai kwa lipi?"

Mwanaidi akasema, "Mstari wako Kilindo aliulalia usingizi. Mirunda yangu ndiyo iliyomkaba."

Chande akasema, "Na mngemkaba mpaka leo, huku mkimdhania mama wa watu. Nani aliyemfumania Kilindo?"

Bi Mgeni akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kuchagua. Haya, ninyi mnaotabasamu hapo, msaidieni: je, kazi ile alistahili nani?