Neno la Mwaka wa Pili

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, milango na majirani wa kusengenya, kulikuwa na bonde la mpunga ambalo maji yake hayakukauka hata kiangazi kikiuma. Bonde hilo lilikuwa la Bi Tembo. Alilirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Hakuna aliyewahi kudai karatasi, maana nani aende kumdai tembo karatasi?

Juu ya bonde, kwenye mawe, alikaa Sungura. Shamba lake lilitoa mihogo myembamba kama vidole vyake. Kila asubuhi aliketi mlangoni akautazama mpunga wa Bi Tembo ulivyoinama kwa uzito, akameza mate. Alikuwa mvivu, wajukuu zangu, lakini mvivu anayefikiri. Hao ndio wabaya.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na shamba la mkonge la binadamu mmoja ambaye wote walimwita Bwana, na nyapara wake alikuwa Mbwa. Siku moja watu wa Bwana wakavuka mto na minyororo ya kupimia ardhi, wakafika hadi kwenye matuta ya mpunga. Bi Tembo akatoka jikoni, mwiko ungali kwenye mkonga. Alisimama njiani, akatikisa kichwa kushoto, akakitikisa kulia, masikio yakapiga pa! pa! Wale watu wakakunja minyororo yao wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Mambo yangeishia hapo, kama si Jumbe Simba.

Jumbe Simba alimwita Bi Tembo barazani akamkaripia mbele za watu. Eti kutikisa kichwa ni ushamba. Eti dunia imebadilika, Bwana atarudi mwenyewe na karatasi, naye hasikii kitu ila Kiingereza. Bi Tembo akamwuliza kwa adabu kama yeye Jumbe anakijua. Simba akakohoa, akatazama mapaa ya nyumba, akasema Kiingereza chake ni cha kusomea tu, si cha kuongea.

Bi Tembo akarudi nyumbani na aibu. Mzigo wa mpunga angeubeba akiimba, lakini aibu ilimlemea. Usiku ule hakula.

Asubuhi, hodi mlangoni. Sungura, na shati jeupe la kuazima, na kipande cha chaki nyuma ya sikio.

Akasema ameyasikia yaliyompata, na yamemuuma. Akasema yeye aliosha masufuria jikoni kwa Bwana miaka mitatu, na Kiingereza chote kilipita masikioni mwake, na masikio yake yanaonekana yalivyo. Hilo la masufuria lilikuwa kweli. Mwongo mzuri huanza na kweli moja.

"Nitakufundisha wewe na kila anayetaka," akasema. "Senti moja sitaki. Nataka kiwanja na nidhamu."

Kiwanja kikawa pale Bi Tembo alipokuwa akipuria mpunga. Wakaja Nyati, Kiboko na wengine, wakakunja miguu yao minene wakaketi kama vifaranga. Nidhamu ikawa mfupa. Sungura alitoboa mfupa wa zamani, akautia kamba, akaeleza sheria: atakayesikika akisema lugha ya nyumbani, iwe darasani, njiani au kitandani, atavishwa mfupa. Atauvaa mpaka amkamate mwenzake. Na atakayekutwa nao jua likishuka, atakwenda kulima kwa Ticha.

"Semeni: yesi," akasema Sungura.

"Yesi!" Kiwanja kikatetemeka. Sauti ya Nyati ilipasua chungu cha jirani, ta!

"Semeni: thenkyu."

"Thenkyu!"

"Semeni: sori."

"Sori," wakasema, na hilo wakalisema polepole, kwa sababu tayari walijisikia wamekosa.

Siku ya kwanza maneno matatu. Siku ya pili yale yale matatu. Siku ya kumi, Bi Tembo akainua mkonga. Yeye alikuja shuleni kwa haja moja tu, na haja ile ilikuwa ikimkaba. Akauliza kwa lugha ya nyumbani:

"Ticha, na hapana? Hapana husemwaje?"

Sungura akautwaa mfupa bila haraka, akaupima kwenye ile shingo. Kamba haikutosha. Akaongeza kipande cha ukindu.

"Hapana," akasema, "ni neno la mwaka wa pili. Mtoto hatafuni nyama kabla ya uji."

Darasa zima likamcheka Bi Tembo. Wale wale ambao yeye angewatetea.

Wakati huo alikuwa akipita Bibi Kobe na mzigo wake wa kuni. Huyu hakusoma. Alisimama, akawatazama mmoja mmoja.

"Mwaka mzima mnafundishwa kukubali, kushukuru na kuomba radhi?" akauliza. "Jamani, hiyo si lugha. Huo ni utumwa wa jikoni."

"Bibi, nenda zako," Nyati akanong'ona kwa lugha ya nyumbani, na papo hapo mfupa ukahamia kwake.

Basi hivyo ndivyo mihogo ya Sungura ilivyoanza kunenepa. Kila jioni kulikuwa na mtu mwenye mfupa, na kila mwenye mfupa alikuwa na nguvu za kung'oa visiki. Mawe yakaondolewa. Mtaro ukachimbwa. Sungura alikaa kivulini akisahihisha, sijui anasahihisha nini, maneno yenyewe matatu.

Na majumbani je? Majumbani kukawa kama kuna msiba. Watu waliogopa watoto wao wenyewe wasije wakawashtaki. Mke wa Nyati alimwuliza mumewe jembe liko wapi, akajibiwa yesi. Akamwekea ugali mkavu bila mboga kumpima, akajibiwa thenkyu. Akamwambia amemchoka, anarudi kwa baba yake, akajibiwa sori. Akaenda kweli. Nyati akabaki mlangoni na Kiingereza chake.

Mavuno yalipokaribia, Sungura akatangaza mtihani. Utafanywa barazani mbele ya Jumbe Simba, na atakayefaulu ataingia mwaka wa pili. Atakayevishwa mfupa siku hiyo ataanza upya.

Bi Tembo hakulala. Akafua shuka yake, akajifunga, akaenda asubuhi na mapema akisema moyoni, leo napita, kesho napewa hapana yangu.

Alikuwa wa kwanza kuitwa. Sungura akasimama mbele yake, mfupa ukining'inia kidoleni, akamwaga maneno. Mengine yalikuwa ya Kiingereza, mengine mvuke wa sufuria tu, yakatoka parapara kama mvua ya bati, kisha akanyamaza akainua nyusi.

Bi Tembo hakuelewa hata moja. Lakini jibu la kwanza alilijua.

"Yesi," akasema.

Sungura akamgeukia Jumbe. "Mheshimiwa umesikia mwenyewe. Nimemwuliza kama ananipa bonde la mpunga kwa ajili ya kazi yangu ya kumwelimisha. Amekubali."

Watu wakaguna. Macho yote yakamwendea Simba. Naye Simba hakuwa ameelewa kitu, wajukuu zangu, si mwanzo wala mwisho. Kama angesema sikuelewa, lile bonde lingepona siku ile. Lakini mwenye manyoya marefu shingoni ana mengi ya kulinda. Akafumba macho kama mtu anayetafakari.

"Nimesikia," akasema. "Ni sawasawa kabisa."

Bi Tembo akafumbua kinywa. Neno lilikuwa pale, la kwao, la mama yake, limeshafika kwenye meno. Akauona mfupa ukicheza kidoleni mwa Sungura. Akawaona watu wanaomtazama, akakumbuka siku waliyomcheka. Akalimeza.

"Sori," akasema.

"Anaomba radhi kwa kuchelewa kunipa," Sungura akaeleza.

"Mwulizeni kwa lugha aliyonyonyea!" Sauti ilitoka chini, miguuni pa watu. Bibi Kobe. "Jumbe, mwulize wewe. Au na hicho cha nyumbani nacho ni cha kusomea tu?"

Kuna waliotaka kucheka, wakajizuia. Simba akanguruma. Akaamuru yule kikongwe avishwe mfupa kwa kuchafua baraza. Sungura akaenda akamvisha. Bibi Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, taratibu, na mfupa ukaanguka chini. Ko. Wakamvisha tena. Akaingiza kichwa tena. Ko. Mara ya tatu Sungura akaacha, mfupa ukabaki mavumbini, na Bibi Kobe akaondoka kwa mwendo wake ule ule.

Sungura akahamia bondeni kabla ya jua kutua. Hakubeba hata mihogo yake.

Na Bi Tembo? Ticha alikuwa na huruma, alimwajiri. Akawa kibarua kwenye mpunga wake. Alivuna alichopanda, akakibeba mpaka ghala aliyoijenga mama yake, na jioni akipimiwa kibaba kimoja alisema thenkyu. Matamshi yake yalikuwa mazuri sana, kila mtu alimsifu.

Baada ya mavuno, Bwana akarudi. Safari hii alikuja mwenyewe, na karatasi, na Mbwa mbele amebeba vigingi vyekundu na nyundo. Habari zikatangulia. Kijiji kizima kikamiminika bondeni, na kwa mara ya kwanza mwaka ule watu hawakuogopa. Walikuwa na Ticha.

Wakamsukuma Sungura mbele. Bonde ni lake, na Kiingereza ni chake.

Bi Tembo akatoka kwenye matope, jembe begani. Akasema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti, kila mtu akisikia, na hakuna aliyeufikiria mfupa:

"Ticha, siku yenyewe ndiyo hii. Lile neno la mwaka wa pili, liseme. Bonde liwe lako, sina neno. Lakini liseme."

Bwana akaonyesha karatasi, akauliza kitu.

Masikio ya Sungura yakalala. Miaka mitatu aliosha masufuria ya yule mtu. Alimsikia mpishi akitukanwa, alimsikia mtunza bustani akifukuzwa, alimsikia Mbwa akipigwa teke. Akaitafuta ile miaka mitatu yote, pembe kwa pembe, akalitafuta neno moja. Hakulikuta. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kulisema.

Akafumbua kinywa.

"Yesi," akasema Sungura.

Mbwa akapiga kigingi cha kwanza. Ngo! Ngo! Ngo!

Bwana akampiga Sungura begani kwa furaha.

"Thenkyu," akasema Sungura, maana hakuwa na jingine.

Hapo Bi Tembo akaliangusha jembe. Akasimama njiani, pale pale pa zamani. Akatikisa kichwa kushoto, akakitikisa kulia, masikio yakapiga pa! pa! Bwana akasita. Akamwuliza Mbwa huyu ni nani. Mbwa hakutazama hata mara mbili.

"Kibarua," akajibu.

Basi Bwana akapita pembeni yake. Ngo! Ngo! Ngo! Mpaka mtoni.

Sungura akamgeukia Bi Tembo. "Sori," akasema. Katika maisha yake yote hilo ndilo neno pekee la Kiingereza alilolitumia mahali pake, na halikumfaa mtu.

Sasa pale hakuna mpunga. Pana mkonge, safu kwa safu, na miiba yake. Sungura anakata, Nyati anabeba, Kiboko anaanika nyuzi zake, na Jumbe Simba analinda lango amevaa kofia. Wakiitwa majina asubuhi, wote wanaitika kwa Kiingereza.

Jioni moja Bibi Kobe alimkuta Bi Tembo ameketi kando ya njia akichomoa miiba kwenye mkonga. Bi Tembo akalia kwamba laiti angelijua lile neno mapema.

"Ulilijua," Bibi Kobe akamwambia. "Ulilisema kwa kichwa siku ile ya minyororo, nao wakakimbia. Halafu ukaenda shule kulisahau."

Akamsaidia kuutoa mwiba mmoja, akaendelea na kuni zake.

Shikeni hili, kisha mkalale: anayekunyima neno la hapana, mwenyewe hanalo.