Watoto wa Perege Ndani ya Mtungi wa Chura

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni basi. Wenye watoto mapajani nao wasogee.

Hapo zamani za kale, katika bwawa moja, aliishi samaki, Mama Perege. Perege akitaga, mayai yake huyaweka kinywani. Humo huanguliwa, humo watoto hulala. Na siku zote hizo mama hali kitu.

Siku ya kumi na nne Mama Perege alikuwa amekonda, amebaki macho na mgongo. Akaenda kwa jirani yake, Chura, aliyekuwa na mtungi wa maji ukingoni. Akainua kichwa mpaka mdomoni mwa mtungi, akafungua kinywa. Watoto hamsini wakatoka, pwa, pwa, pwa, wembamba kama nyuzi.

"Dada Chura, nishikie hawa siku tatu. Nisipokwenda kula nitakufa, na wao watakufa."

"Waache, dada yangu."

"Chakula chao ni ukoga, ule utelezi wa kijani wa mawe ya bwawani. Kiasi cha ncha ya kidole, asubuhi na jioni. Basi. Kinachobaki huoza, na maji yakioza humo hawana pa kukimbilia."

"Nimesikia."

Siku ya kwanza Chura akafanya vile vile. Watoto wakala, wakacheza.

Siku ya pili habari zikaenea. Wageni wakaja kutazama watoto. Na huko kwao, kama huku kwetu, haendi mtu kutazama mtoto mikono mitupu.

Kanga akaja na unga wa mtama. "Hodi, mlezi. Hebu niwape kidogo." Akatupa, pu.

Digidigi akaja na maziwa. "Mtoto bila maziwa atakuaje, bibi?" Akamimina, chururu.

Panya akaja na chicha ya nazi, furushi zima.

Konokono, aliyeishi ndani ya mtungi, ubavuni, akanong'ona, "Chura, kataa. Mimi ndiye mla makombo humu, na haya yamenishinda."

Chura akasema kwa sauti ndogo, "Bwana Panya, mama yao alisema kidogo tu."

Panya akacheka. "Wewe? Wewe unayetaga ukaenda zako, watoto wakajilea wenyewe? Leo wewe ndiye wa kutufundisha kulea?"

Kanga akacheka. Digidigi akacheka. Chura akaona haya. Akatazama chini.

"Haya, tia," akasema.

Panya akatia yote.

Wageni wakaenda zao. Maji yakawa meupe, yakawa mazito, yakanuka. Watoto wakapanda juu kutafuta pumzi, pwa, pwa, pwa. Chura akakimbia kuchota maji mapya. Akamwaga, akachota. Akamwaga, akachota. Mmoja akazama. Kumi wakazama. Halafu mtungi ukawa kimya.

Siku ya tatu Mama Perege akarudi, amenenepa, magamba yanang'aa. Akainua kichwa mpaka mdomoni mwa mtungi, akafungua kinywa awapokee wanawe.

Wakaingia wawili.

Akangoja, kinywa wazi. Akangoja.

"Dada Chura, wengine wako wapi?"

"Walikuja wageni," Chura akasema.

"Hukuwaambia?"

"Nilianza kuwaambia. Wakanicheka."

Mama Perege hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alifunga kinywa polepole, wale wawili wakiwa ndani, akageuka, akazama kwenye kina.

Tangu siku hiyo Chura hukaa ukingoni akisema neno alilopaswa kumwambia Panya. Tosha, tosha, tosha. Sasa analisema kwa nguvu, bwawa zima linasikia. Lakini mtungi ni mtupu.

Nanyi mnaonisikiliza, ukiachiwa mtoto wa mwenzio, usione haya kusema hapana. Kucheka kwao kutaisha kabla hawajafika makwao. Mtoto akienda harudi.

Hadithi yangu naiacha hapo ilipoishia.