Nguchiro na Kikao cha Viti

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani hasa, lakini siku yenyewe haijasahaulika: ilikuwa Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, pale kata ya Nguchiro ilipogonga chini ya kisima cha bondeni, ko, ko, ko, ikarudi na vumbi.

Nguchiro aliitikisa kata, akaipindua. Vumbi. Na nyumbani kwake, kwenye kichuguu, mtoto wake mdogo, Kipilipili, alikuwa ameamka midomo imepasuka. Mwaka uliotangulia kisima kilipokauka, Tembo ndiye aliyekichimba upya akakifanya chake. Wadogo walikunywa baada ya wakubwa, yaani walikunywa tope. Kipilipili aliumwa tumbo siku kumi na moja. Nguchiro alizihesabu.

Kabla ya saa tatu wanyama wote walikuwa wamejaa kisimani. Tembo akasimama mbele.

"Sheria ni ile ile. Atakayefikia maji kabla ya jua la kesho kuzama, kisima ni chake mpaka mvua zirudi. Yeye ndiye atakayepanga nani anywe kwanza."

"Yeyote?" Nguchiro akauliza.

"Yeyote mwenye nguvu, mama Kipilipili," Nyati akadakia, na wakubwa wakacheka mpaka matumbo yakatikisika.

"Sikuuliza nguvu. Nimeuliza yeyote."

"Yeyote," Tembo akasema. "Nikishasema nimesema."

Nguchiro akapiga hesabu. Pembe za Tembo zingefikia maji kabla ya adhuhuri. Kucha zake yeye zilihitaji siku mbili kamili. Lakini alijua jambo moja: wakubwa wa bonde lile hawakufanya lolote bila kukaa kikao kwanza. Hata mwiba uliomchoma Kifaru mguuni ulitolewa baada ya vikao viwili.

Akawasogelea. "Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Nina swali dogo tu. Siku Tembo atakapofungua kisima, nani atakaa kulia kwake?"

"Mimi," akasema Nyati.

"Mimi," akasema Kifaru, kwa wakati mmoja.

Wakatazamana.

"Wewe na macho hayo yasiyoona mbali? Utajuaje kulia ni wapi?" Nyati akamrushia Kifaru.

"Na wewe unayenuka matope, nani atakunywa karibu yako?"

"Jamani, jamani," Tembo akasema. "Tukae tulimalize hili jambo dogo, halafu tuchimbe. Nguchiro mwacheni achezee mchanga wake."

Wakakaa. Nguchiro akashuka kisimani. Chaku, chaku, chaku.

Mchana alipopanda kumwaga mchanga, aliuona ukingo wa kisima umepinda. Upande wa kushoto ulikuwa umevimba kama shavu lenye jipu. Nguchiro, ambaye nyumbani hata kuni alizipanga kwa urefu, hakuweza kuvumilia. Akapiga magoti, akaanza kuunyoosha. Akasawazisha hapa, akarudi nyuma, akakunja jicho, akasawazisha tena.

Kutoka kichuguuni kikasikika kikohozi kidogo kikavu. Kho, kho.

Akaitazama mikono yake. "Nguchiro," akajiuliza, "unafanya nini?"

Akauacha ukingo umepinda vile vile, akashuka.

Ijumaa saa nne asubuhi suala la viti likapatiwa ufumbuzi: Kifaru atakaa kulia, na Nyati atakaa kulia zaidi. Tembo akainuka, akaelekeza pembe zake kisimani. Sauti ya Nguchiro ikatoka chini kisimani, tulivu kuliko alivyokuwa mwenyewe.

"Hongereni, wazee wangu. Na kata ya kwanza, nani atamkabidhi Tembo? Atapiga goti la kulia au la kushoto?"

Tembo akasimama. "Hilo hatukulizungumza."

"Huyu anatuchezea," akasema Nyati. "Tuchimbe sasa hivi."

"Bila kujua goti? Tutachekwa na bonde zima. Kaeni," Tembo akaamuru.

Nyati hakukaa. Alikwenda kuinama kwenye mdomo wa kisima. "We mdogo, toka tuzungumze. Watu wanasema mumeo alikukimbia kwa sababu ya mdomo wako."

Nywele za mgongo zikamsimama Nguchiro. Alikuwa na majibu matatu tayari, na la tatu lilikuwa kali sana. Akayameza yote. Chaku, chaku.

"Hunisikii?"

"Nakusikia. Nina kazi."

"Nyati," akaita Kifaru, "njoo, wanasema goti la kushoto ni la watumwa." Nyati akageuka mbio, maana yeye ndiye aliyependekeza la kushoto.

Jua lilikuwa limebaki upana wa kiganja juu ya kilima mchanga ulipolowa. Kisha, chubwi. Ukucha ukazama.

Nguchiro akapanda na kata imejaa, akaimwaga yote juu ya mguu wa Tembo.

"Maji," Tembo akasema polepole. "Tulikuwa tumebakiza ajenda moja tu."

"Umetudanganya," akafoka Nyati.

"Mimi niliuliza maswali tu. Kukaa mlikaa wenyewe."

"Yaani sisi tupangwe na kitu kinachopita chini ya tumbo langu?"

Nguchiro hakurudi nyuma hata hatua moja. Akainua uso mpaka shingo ikamuuma. "Mzee Tembo, ulisema yeyote. Ukishasema?"

Tembo akaupangusa mguu kwa mkonga. "Nimesema," akajibu.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nguchiro alimshika Kipilipili kichwa akamnywesha kata ya kwanza, na maji yalikuwa meupe. Wakafuata watoto wengine, panya, kware, digidigi. Wakubwa walifika na viti vyao vitatu.

"Tuviweke wapi?" akauliza Kifaru.

"Popote. Foleni inaanzia nyuma ya digidigi."

Wakapanga foleni, Nyati wa mwisho. Wote walipokwisha kunywa, Nguchiro alipiga magoti, bila kujali goti lipi, akaanza kuunyoosha ule ukingo wa kushoto.

Nanyi, wanangu, fikieni maji kwanza. Ukingo utanyooshwa asubuhi.