Chungu cha Asali Ziwani

Hapo zamani za kale, wanangu, Ijumaa moja saa nne asubuhi, Mzee Pimbi alifariki nyumbani kwake mlimani, kando ya ziwa. Maji ya ziwa hilo yalikuwa maangavu mno. Jiwe lililolala chini kabisa, ungedhani utaliokota kwa mkono.

Majirani wakamzika, wakakaa matanga siku tatu, wakarudi makwao. Wageni wawili kutoka bondeni, Nyati na Fisi, hawakurudi. Walisema bado wanamliwaza mjane. Walilala kutwa kwenye mkeka, na wakiamka waliuliza kimepikwa nini. Kila Bi Pimbi aliposhika tasbihi amwombee mumewe, Fisi alimwita amletee chumvi.

Siku ya tisa, ghalani kukabaki kibaba kimoja cha mtama, nacho kilikuwa cha mbegu. Kikiliwa, watoto wake hawatakuwa na mavuno.

"Shemeji," Fisi akasema, "si upike hicho kilichobaki? Hatuwezi kuomboleza na njaa."

Bi Pimbi akameza hasira. "Kibaba kitawatosha nini watu wazima kama nyinyi? Kuna chungu cha asali cha marehemu. Ila kwetu asali ni ya kuagia. Atakayeifuata, matanga yake yamekwisha, anakwenda kwake."

Wakakubali upesi. Akawapeleka hadi kwenye mwamba wa ziwani, akawaonyesha. Chungu kilionekana chote chini ya maji, mfuniko wake, hata kamba ya shingoni.

Nyati akacheka. Kwao bondeni maji ni ya tope, na ukiona chini, ujue unavuka kwa miguu. "Haya hayafiki hata magoti," akasema.

"Macho ni yenu," Bi Pimbi akamjibu.

Chubwi! Nyati huyo. Chubwi! Fisi naye, asije akapunjwa. Miguu yao haikugusa kitu. Walizama, wakaibuka wakikohoa, meno yakigongana kwa baridi: ka-ka-ka-ka.

"Umetudanganya, shemeji," Fisi akasema, aking'ang'ania mwamba.

"Chungu si kile pale? Kilimponyoka marehemu mwaka juzi, na yeye mzaliwa wa hapa hakukifikia. Haya, asali mmeshaifuata. Kwaherini."

Wakateremka mlima wakitetemeka, wakitafuta jua.

Basi wanangu, mkienda kumliwaza mfiwa, msimwongezee mzigo.

Bi Pimbi akarudi nyumbani, akakung'uta mkeka, akaketi. Nyumba ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Akashika tasbihi yake.

"Ewe Mola, nimechelewa kukuomba. Msamehe mume wangu, mpanulie kaburi lake, umtilie nuru humo. Amina."