Mkuki wa Milembe

"Mkuki wa shujaa huanza kuua nyumbani." Mlipokuwa mkiimba sifa za mashujaa, Mama Kulwa amewatupia maneno hayo akaenda zake, nanyi mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe acha kuchekacheka, hapa hapana cha kuchekesha. Methali hii ilianza hivi.

Milembe mnamjua kwa nyimbo: msichana aliyeua zimwi la bwawani. Nyimbo hazisemi kwamba alikuwa hajavunja ungo, wala kwamba baada ya siku ile hakucheza tena na wenzake.

Zimwi lilikuwa likimeza watoto. Mganga akasema ngozi yake haipenywi ila na mkuki wa chuma kipya kilichovukutiwa na mtoto. Baba yake Milembe, Lusangija, alikuwa mhunzi, na binti yake ana mikono ya nguvu, basi akamkalisha kwenye mivukuto apulizie moto wa tanuru. Lakini wahunzi wana mwiko: aliyeanza kuvukuta haachi wala hageuki, wala mhunzi haondoki, hadi chuma kishuke, yaani kiyeyuke kutoka kwenye mawe yake. Akiacha, chuma hufia tanuruni.

Adhuhuri, jasho likimwingia machoni, Milembe akamsikia mama yake nje ya ua.

"Milembe we! Zimwi limemkamata Holo! Linamburuta kwenda bwawani! Njoo mwanangu, mchi ninao, peke yangu siliwezi!"

Holo alikuwa mdogo wake, waliyenyonya naye ziwa moja. Mikono ya Milembe ikalegea.

"Usigeuke!" Lusangija akafoka, machozi yakimtoka. "Ukiacha sasa watoto wote watakwisha. Mchi utalifanya nini zimwi?"

"Baba, ni Holo!"

"Vukuta."

Akavukuta. Akamsikia Holo akimwita, dada, dada, kisha asimsikie tena. Jamani, moyo ulimchanika yule mtoto, na mikono ikaendelea na kazi.

Mkuki ukafuliwa. Kesho yake Milembe akaenda nao bwawani, akalikuta zimwi limelala, limeshiba. Akalichoma kwa nguvu zake zote, nusura aanguke kifudifudi, maana mkuki ulizama kama kwenye boga lililooza. Zimwi lilikuwa limezeeka, ngozi teketeke. Mganga hakuwahi kuligusa, wala mtu mwingine yeyote. Mchi ungetosha.

Watu wakashangilia, wakambeba juujuu, naye ameshika shanga za Holo zilizotoka tumboni mwa zimwi. Alipofikishwa nyumbani alimtazama mama yake, akitamani apigwe. Hakupigwa. Mama aliuweka mchi miguuni pake.

"Mwanangu, mkuki wako umeanza kuua nyumbani."

Milembe akakua, akaua mazimwi mengine, sifa zikavuka mito. Vijana walikuja kutoka mbali kumwona, wakamkuta mlangoni amepakata mchi mkavu usiotwanga kitu. Wakimwomba awafundishe ushujaa, aliwauliza kwanza kama wana wadogo zao. Waliojibu ndiyo aliwaambia warudi kwao upesi, kwa maana mkuki wa shujaa huanza kuua nyumbani.