Bi Pimbi na Kopo la Ngiri

— Niitue hadithi?
— Itue, tumekaa!
— Niitue taratibu au niibwage?
— Ibwage!
— Ina makali, itawakata vidole.
— Itukate!

Haya, mmetaka wenyewe.

Zamani, enzi ambazo wanyama walikuwa na mafundi wao, palikuwa na nchi ya majabali, na majabalini aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua. Mdogo hivi, mkia hana, ukimwona unaona kama kitu kimeanzwa kutengenezwa kikaachwa. Lakini mikono yake, jamani! Akishika bati, bati linatii. Alitengeneza vibatari, alitengeneza chujio, alitengeneza mabirika. Nyundo yake ilisikika nchi nzima: ko-ko-ko! Ko-ko-ko!

Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mengi mpaka yakakosa pa kuwekwa. Mzee Kobe, mkubwa wa nchi, akaita mkutano. Akasema, "Mwakani kutakuwa na kiangazi kibaya. Nakisikia kwenye gamba langu. Chakula hiki tutakihifadhi vipi?"

Bi Pimbi akasimama juu ya jiwe ili aonekane. "Nileteeni bati. Nitakitia kwenye makopo. Mchwa hatakigusa, wala hakitaoza."

Wakamletea bati. Maharage yakachemshwa, akajaza, akafunika, akalehemu. Mahindi yakachemshwa, akajaza, akafunika, akalehemu. Njugu mawe zikachemshwa, akajaza, akafunika, akalehemu. Kila nyumba ikapata makopo yake. Watu wakamsifu: "Kopo la Bi Pimbi haliingizi hata pumzi!"

Kweli. Halikuingiza pumzi. Wala halikutoa chakula.

Kiangazi kilipofika, visima vikakauka, majani yakageuka vumbi, wanyama wakashika makopo yao na kuyatazama. Nyani akang'ata, jino likakatika: ka! Sungura akapiga kopo kwa jiwe, jiwe likateleza likamponda kidole, na kidole kikaoza. Bi Pimbi hakuwa amefikiria kufungua. Alikuwa amefikiria kufunga tu.

Siku ya kwanza aliwafungulia mwenyewe, kwa patasi na nyundo. Ko-ko-ko! Siku ya pili akaja Ngiri.

Ngiri yule alikuwa na mabega kama gogo, na pembe mbili zimejikunja pembeni mwa mdomo. Hakuuliza hali. Alichukua patasi, akachukua nyundo, akachukua mkasi wa bati na koleo, vyote akavitupa korongoni. Kilichobaki ni msumari mmoja, kwa sababu hakuuona.

"Kuanzia leo kazi ya kufungua ni yangu," akasema. "Na nikisikia ko-ko-ko, nitakuja. Nikija, sitaondoka na vifaa. Nitaondoka na ngozi."

Basi wakawa wanampelekea. Ngiri alilikanyaga kopo chini ya kwato, akaegemeza uzito wote wa shingo, pembe ikazama: tobo! Akazungusha kichwa: kwaruuu! Kopo likawa wazi.

Mwezi wa kwanza alisema, "Nusu yako, nusu yangu."

Mwezi wa pili alisema, "Kijiko chako, kopo langu."

Mwezi wa tatu alisema, "Ulimi wako, kopo langu." Maana yake ulambe kifuniko, ushukuru, uende.

Sasa sikilizeni hapa, na asicheke mtu.

Palikuwa na Mama Digidigi, na alikuwa na binti mmoja tu. Binti alikuwa amekonda mpaka masikio yamemzidi kichwa. Mchana mmoja mama alipeleka kopo kwa Ngiri, akamkuta ameshiba, amelala. "Rudi kesho," Ngiri akasema bila kufumbua macho. Mama akamchukua mtoto mgongoni na kopo mdomoni, akapanda majabali mpaka kwa Bi Pimbi.

"Bi Pimbi, nifungulie."

"Sina vifaa, mama."

"Una msumari. Na mawe yamejaa hapa."

Bi Pimbi akautazama msumari. Akatazama bondeni. Ngiri alikuwa amelala pale chini, karibu kabisa. "Atasikia," akasema.

"Mara moja tu, Bi Pimbi. Pigo moja."

"Pigo moja halitoshi kufungua kopo. Yanatakiwa ishirini. Atasikia, mama. Rudi kesho."

Mama Digidigi hakubishana. Akampa mtoto kopo alishike, akageuka, akashuka. Mtoto alikuwa amelikumbatia kopo kwa sababu bati lilikuwa na ubaridi. Walipofika chini alikuwa amelikumbatia vilevile, lakini hapumui.

Habari zilipomfikia Bi Pimbi, aliingia pangoni, hakutoka siku mbili. Hakulia. Pimbi akilia husikika mbali, na hata hilo aliogopa. Alikaa na kopo mbele yake, kopo lake zuri, lisiloingiza pumzi, na neno moja likazunguka kichwani: rudi kesho, rudi kesho. Ngiri alilisema, na yeye akalisema.

Siku ya tatu alishika msumari. Hakupiga. Alikwaruza. Kwii, kwii, kwii, sauti ndogo kama ya mjusi ukutani. Akachora mfuo, mstari wa kuzama kwenye bati, kuzunguka kifuniko.

Mfuo wa kwanza ulikuwa wa kina mno. Bati likatoboka, hewa ikaingia, maharage yakachacha. Nyani akayala kwa njaa, akagaagaa siku nzima ameshika tumbo. Mfuo wa pili ulikuwa mwepesi mno, kifuniko hakikutikisika. Wa tatu ulipinda. Kwii, kwii, kwii. Wa nne, wa tano, wa sita, mpaka kucha zikamtoka. Mfuo wa saba uliingia nusu ya unene wa bati, ukasimama hapo. Ukingoni mwa mfuo akabandika pete ya waya kwa risasi ya kulehemu aliyoiyeyusha juu ya kaa la moto. Ukiinua pete, pua yake inasukuma bati chini kwenye mfuo. Ukivuta, kifuniko chote kinafuata.

Akamwendea Mama Digidigi. Hakuweza kumtazama usoni. Akaliweka kopo chini. "Tia kwato hapo," akasema.

Mama Digidigi akatia ncha ya kwato kwenye pete. Akainua: ta! Akavuta: nyaaa. Basi. Hata ndege aliyekuwa juu ya mti hakugeuza shingo.

Maharage yalikuwa yanang'aa ndani. Mama Digidigi akayatazama muda mrefu, hakuyala.

"Rahisi hivi?" akauliza.

"Rahisi hivi."

"Na ungeweza mwezi uliopita."

Bi Pimbi akainama, akalisogeza kopo karibu naye.

Basi akaenda nyumba kwa nyumba na msumari wake. Kwii, kwii, kwii, ta, nyaaa. Kwa Sungura, kwii, kwii, ta, nyaaa. Kwa Nyani, kwii, kwii, ta, nyaaa. Asiye na jino alifungua, asiye na kidole alifungua. Watoto wakaanza tena kuwa na mashavu.

Na mashavu ndiyo yaliyowachongea. Ngiri alikaa siku tano haletewi kopo, akamwona mtoto wa Nyani anacheza. Mtoto mwenye njaa hachezi. Akanusa, akafukua, akakuta kifuniko chenye pete. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kobe.

"Nani katengeneza hiki?"

"Mimi mzee, macho yangu hayaoni," Kobe akasema.

"Nani?"

"Labda kimejitengeneza."

Ngiri akamtia pembe ubavuni, akampindua, mgongo chini, tumbo juani. "Atakayemgeuza nitamtoboa," akasema, akakaa kando yake. Wanyama wakasimama mbali wakiangalia miguu ya Mzee Kobe ikipiga hewa. Ilipiga kwa kasi. Ikapiga polepole. Alasiri ikatulia.

"Keshokutwa," Ngiri akasema, "nataka makopo yote hapa. Yote."

Hapo ndipo Bi Pimbi alipotoka mwenyewe kwenye majabali. Akashuka mpaka mbele ya Ngiri. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mzee Ngiri."

"Marahaba. Umekuja kufa?"

"Nimekuja kukuonya. Hizo pete ni kazi yangu, na nimekosea sana. Makopo haya ukiyaweka hapa, hata siafu atayafungua. Ukisinzia kidogo tu, ta, nyaaa, yamekwisha. Mtu mkubwa kama wewe atalindaje makopo mia tatu?"

Ngiri akatafuna kidogo mate yake. "Basi?"

"Uwe na kopo moja. Kopo kubwa la kuwekea makopo. Pale bondeni pana tangi la chuma la enzi za garimoshi, limelala ubavu, refu, chuma chake kinene kama kwato. Nitalitilia kifuniko ambacho wewe tu utaruhusiwa kukigusa."

"Kwa nini unisaidie?"

"Nimemwona Mzee Kobe," Bi Pimbi akasema. Na hapo hakudanganya.

Ngiri akacheka, hrok-hrok-hrok, akamrudishia koleo na nyundo alizozitoa mwenyewe korongoni. Kwa siku mbili nchi ikasikia tena ko-ko-ko. Alipima tangi: upana wake ni mabega ya Ngiri, na nywele mbili zaidi. Akatengeneza kifuniko cha kuning'inia kwa kamba juu ya mdomo wa tangi, chenye komeo linalojifunga lenyewe kikianguka. Nje ya komeo akaweka pete. Ndani hakuweka kitu, na ndani alipasugua mpaka pakateleza.

Wakati huohuo Nyani na Sungura na Mama Digidigi walikuwa wanajaza mchanga kwenye makopo matupu, na Bi Pimbi akayafunika upya. Makopo ya chakula waliyasukuma kwenye nyufa za majabali. Ya mchanga wakayabeba mbele ya macho ya Ngiri, wakilia njia nzima, na kilio hakikuwa cha kuigiza. Ngiri alitikisa moja, akaona zito, akaridhika. Wakayapanga mwisho kabisa wa tangi. Juu yake Bi Pimbi akaweka kopo moja la kweli la njugu mawe, akalifungua. Ta. Nyaaa. Harufu ikatoka hadi nje.

Sasa mnajua Ngiri anavyoingia shimoni. Anaingia kinyumenyume, anatanguliza makalio, ili pembe zibaki mlangoni. Baba yake aliingia hivyo, babu yake aliingia hivyo. Siku hiyo alisimama mdomoni mwa tangi, akageuka, akaanza kurudi nyuma. Ngiri akiwa ametazama nje, kifuniko kingemwangukia usoni, na angeweza kukipiga.

"Mzee," Bi Pimbi akasema, "makalio yako yatazimwaga zile njugu."

Ngiri akasimama. Akanusa. Akageuka tena, akatanguliza pua.

Mabega yakapita, kiuno kikapita, mkia uliokuwa umesimama ukapita. Nyam, nyam, nyam, ikasikika ndani. Bi Pimbi akakata kamba.

Ng'aaa! Kach!

"Nani huyo?" Ngiri akauliza, mdomo umejaa. Kisha akarudi nyuma, dum! Akapiga teke, dum, dum! Akainua pembe, zikateleza kwenye chuma, kwaruu, kwaruu. Ngiri hutoboa kopo akiwa amelikanyaga. Akiwa ndani yake atalikanyaga vipi? Akajaribu kugeuka. Hakugeuka.

"Bi Pimbi! Nusu yako, nusu yangu!"

Kimya.

"Bi Pimbi! Kijiko changu, kopo lako!"

Kimya.

Siku ile alipiga kelele mpaka jua likachwa. Siku ya pili sauti ilikuwa ndogo. "Kuna pete hapo nje. Mtu yeyote. Vuta pete tu." Nyani akapita, akasema mkono wake mbovu. Sungura akapita, akasema kidole hana. Mtoto wa Nyani akapita akaulizwa, akasema mama kamkataza kuchezea vya watu. Na pete ile, nawaambia, Bi Pimbi hakuwahi kutengeneza nyepesi kama ile. Panzi angeruka akaiangukia, mlango ungefunguka.

Siku ya tatu Bi Pimbi alishuka bondeni. Hakuwa amelala. Akamkuta Mama Digidigi ameketi kando ya tangi, kivulini mwake. Ndani palikuwa panagongwa polepole. Ngo. Ngo.

Bi Pimbi akainua mkono, akatia kidole kwenye pete. Akakaa hivyo. Aliwaza kwamba aliye ndani naye anaomba kufunguliwa tu.

"Vuta ukitaka," Mama Digidigi akasema. "Kopo ni lako."

"Na wewe je?"

"Mimi nimejaribu asubuhi. Kwato yangu inaingia vizuri kabisa. Umepima vizuri." Akaipangusa kwato vumbi. "Nikaitoa."

Ngo, ikasema ndani.

Bi Pimbi alisimama pale kwa muda wa kuchemsha chungu cha maharage. Kisha akatoa kidole chake, akaketi kivulini karibu na Mama Digidigi, na wote wawili wakasikiliza hadi pakawa hakuna cha kusikiliza.

— Imetua?
— Imetua!
— Imemkata nani?
— Sote!

Basi funzo lake, wanangu, ni dogo na tamu. Kopo zuri ni lile ambalo kila mtu anaweza kulifungua, hata mtoto, hata mgonjwa, hata asiye na kidole. Fundi akishatengeneza kopo la namna hiyo, hakuna atakayekufa tena kwa kukosa wa kumfungulia.

Mbona mmenyamaza? Inukeni, kila mtu kwao. Mimi mzigo nimeutua.