Mjane Aliyekataa Kutoa Mji

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba hapo kale alikuwapo katika miji ya pwani sultani mmoja aitwaye Shaweji bin Omari, aliyependa vitendawili kuliko alivyopenda sala.

Ndugu zangu, kitendawili hakina ubaya. Bibi zetu walitutegea baada ya chakula, nasi tukishindwa walituambia, "Nipe mji." Tuliwapa wowote uliotujia mdomoni, wakajifanya wamefika huko, wamekula na kushiba, kisha wakatupa jawabu. Mchezo uliisha, watoto wakalala. Sultani Shaweji aliuchukua mchezo huo huo akautia sumu. Kila mwaka baada ya mavuno aliita mjumbe mmoja kutoka kila mji, akamtegea kitendawili. Aliyejibu alirudi kwao salama. Aliyeshindwa aliambiwa atoe mji, na mji alioutaja ulifikiwa na askari: ghala zilikombwa, na vijana walifungwa kamba wakapelekwa kusikojulikana.

Waliojibu walikuwa wachache mno, maana Sultani alivitunga vitendawili mwenyewe na jawabu alilijua peke yake. Mjumbe mmoja aliyejiona mjanja alitaja mji usiokuwepo duniani. Askari walishika njia aliyowaonyesha, wakakishukia kijiji cha kwanza walichokikuta. Tangu hapo hakuna aliyerudia hila hiyo. Kila mjumbe alitaja mji wa jirani ili aunusuru wake, na jirani naye alingoja mwaka wake alipize. Hofu iliingia majumbani, hata mtoto akisema "Kitendawili", mama yake alimziba mdomo kwa kiganja.

Katika mji wa Mtondoni aliishi mjane mchamungu, Bi Mwanatumu binti Sefu, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani barazani kwake. Mwaka uliotangulia, mjumbe wa mji wa Ukwajuni, mzee aitwaye Dadi, alishindwa kujibu akaitaja Mtondoni. Miongoni mwa vijana waliochukuliwa alikuwamo Mbwana, mtoto wa pekee wa Bi Mwanatumu. Mama hakupata habari zake tena.

Mwito wa Sultani ulipokuja mara nyingine, wanaume wa Mtondoni kila mmoja alikuwa na udhuru: huyu mguu, yule homa, na mwingine safari iliyomzukia asubuhi ile ile. Bi Mwanatumu akasema atakwenda yeye. Walifurahi, wala hawakuona haya. Walimsindikiza hadi nje ya mji, na mkubwa wao akamwambia, "Mama, ukishindwa, wape Ukwajuni. Hao ndio waliotutia msibani, na mwanao hujui aliko hata leo." Akawaaga, akashika njia. Njia nzima jina la Ukwajuni lilikuwa ulimini mwake, tamu, na utamu huo ulimtisha kuliko askari.

Alipofika, wajumbe walikuwa wamekalishwa chini mbele ya kiti cha Sultani. Uani askari walikuwa wameshafunga mizigo ya safari, na kamba za mateka zilikuwa mabegani mwao. Bi Mwanatumu alionyeshwa pa kukaa, na aliyekuwa ubavuni mwake ni Mzee Dadi. Mzee alipomtambua, alianza kuvuta tasbihi kwa haraka. Alijua mji wake ndio utakaotajwa.

"Kitendawili," akasema Sultani.

"Tega," wakaitikia.

"Mgeni wangu hufika kabla sijamwalika, na hula kabla sijapika. Bibi wa Mtondoni, nijibu."

Jawabu lilikuwa hofu. Mgeni huyo alikuwa ameshaketi vifuani mwao wote, anawala, na hapakuwa na hata mmoja aliyemtambua. Bi Mwanatumu alifikiri mpaka kichwa kikamuuma.

"Sijui, bwana wangu," akasema.

"Basi nipe mji."

Tusimpambe kwa alichokuwa hana. Wapokezi wa kisa hiki wanasema alitaka kulitaja jina lile. Alimwona Mbwana amefungwa kamba, akafungua kinywa. Kisha akawaona wanawake wa Ukwajuni, wakati ule ule, wanatwanga na kuita watoto wao wale, hawajui kwamba roho za wana wao ziko ulimini mwa mtu. Akafunga kinywa, akaleta istighfari moyoni.

"Sina mji," akasema.

Sultani akacheka. "Hakuna asiye na mji. Toa huo unakotoka."

"Mtondoni naishi tu, bwana wangu. Ina wenyewe, nao ni waja wa Mwenyezi Mungu. Nikikupa kisicho changu, nimesema uongo na nimeiba."

"Utatoa, bibi, au utakufa hapo ulipokaa."

Mkuu wa askari alichomoa upanga akasimama nyuma yake. Bi Mwanatumu alitetemeka mwili mzima. Machozi yalimtoka mbele za wanaume, na hakuyafuta.

"Naogopa, bwana wangu," akasema. "Naogopa sana. Lakini namwogopa zaidi Yule atakayeniuliza kesho. Askari ni wako na upanga ni wako, hapana anayekuzuia. Ukitaka mji, utaje wewe kwa ulimi wako."

Sasa fahamuni jambo moja kuhusu Sultani huyu. Kila mashekhe walipomnasihi, alikuwa akiwajibu kwamba yeye hajapata kuuangamiza mji hata mmoja. "Mimi sichukui," alikuwa akisema, "mimi napewa." Kwa neno hilo alikula vizuri na kulala vizuri miaka yote.

Aliposikia maneno ya mjane alimgeukia Mzee Dadi, wala hakumtegea kitendawili. "Nipe mji," akamwambia.

"Mwaka jana nilitoa, bwana wangu," akasema Mzee Dadi. "Sitoi tena."

Akamwuliza wa tatu, naye akasema hana mji. Akamwuliza aliyefuata. Msidhani walikuwa mashujaa: mmoja alijibu huku analia, na mwingine alinong'ona hata ikabidi aulizwe tena. Lakini mji haukutoka.

Mkuu wa askari alingoja, upanga mkononi. Kisha akauliza kwa adabu, "Twende mji gani, bwana?"

Sultani akafungua kinywa. Jina moja tu lilitakiwa, na majina aliyajua yote. Akawatazama wajumbe mmoja mmoja, akitafuta wa kumsemea, na wote walikuwa wameinamisha vichwa. Midomo yake ilianza kutetemeka kama yao. Dhambi aliyokuwa akiwatwisha wengine miaka yote ilikuwa sasa inamngoja yeye aitaje. Akafunga kinywa, akainuka, akaingia ndani. Baada ya muda mkuu wa askari akarudisha upanga alani, akawaambia watu wake wafungue mizigo.

Haikusimuliwa kwamba Sultani alitubu. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Imesimuliwa tu kwamba hakuita tena wajumbe. Wengine hupenda kuongeza kwamba Mbwana alirudi kwa mama yake. Mimi sikupokea hivyo, na siongezi.

Nilichopokea ni kwamba Mzee Dadi alimfuata Bi Mwanatumu nyuma nyuma hadi njia zao zilipoachana, kisha akamwambia, "Mama, nisamehe kwa yaliyompata mwanao."

"Bado sijaweza, baba," Bi Mwanatumu akamjibu. "Niombee niweze." Wakaagana, kila mmoja akashika njia ya kwao.

Ndugu zangu, dhalimu ana askari, ana kamba na ana upanga, na bado hutujia kuazima ulimi. Tutaogopa, kwa kuwa sisi ni wanadamu, na aliyetajwa humu aliogopa mpaka akalia. Tumwombe Mola wetu kwamba siku tutakapoambiwa tumtaje jirani, atupe nguvu ya kunyamaza hali tunatetemeka. Amina.